Kufunga chila kwenye tangi la matumbawe, kwa sisi tunaoishi na joto la Mombasa

Ilikuwa Februari, saa nane mchana, upepo wa kaskazi umekata kabisa. Themomita ya tangi langu la sebuleni ilisoma nyuzi 30.8. Tumbawe langu la matawi, nililolilea miaka miwili tangu likiwa kama kidole gumba, lilikuwa limeanza kupauka nchani. Mimi ni fundi wa friji na AC. Zaidi ya miaka ishirini nimelisha wanangu kwa kuwapozea watalii vyumba kule Nyali, na hapa kwangu Tudor nilikuwa napoza tangi kwa chupa za barafu kama muuza soda wa stendi. Mke wangu ndiye aliyenitia aibu: "Baba Asha, friji za watu wazitengeneza, bahari yako yachemka."

Basi nikanunua chila, mashine ya kupoza maji ya tangi. Haya ninayoyaandika ni jinsi nilivyoifunga, pamoja na mahali nilipokosea, maana mashine yenyewe haina ugumu. Chila ni friji tu: kompresa, gesi, feni ya nyuma, na ndani koili ambayo maji ya chumvi hupita juu yake. Tofauti na friji ya jikoni ni kwamba koili hiyo ni ya titani, kwa sababu chumvi haiwezi kuila. Ugumu uko kwenye mabomba, na zaidi uko kwenye ile siku stima itakapopotea.

Kuna wanaoniuliza mbona nahangaika, hali bahari yenyewe hapo nje mwezi wa Machi na Aprili hufika nyuzi 29 na matumbawe yamo. Kweli, yamo. Lakini bahari ni pana, haina pampu tatu na taa ya wati 150 zinazoichemsha kwa ndani. Tena hata hayo ya baharini yanaishi ukingoni: mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalizidi joto, na matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka yakafa. Rangi ya tumbawe hutoka kwa vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake na kumlisha. Joto likizidi huvifukuza, akabaki mweupe na njaa yake. Mimi natunza tangi kwenye nyuzi 26, na sababu kubwa ni akiba. Stima ikikatika, tangi la nyuzi 26 lina saa kadhaa kabla halijafika pabaya. Tangi lililo 30 tayari limeshafika.

Na kwa kuwa nimetaja bahari: usitoke hapo ukaenda na patasi kwenye mwamba. Matumbawe yangu yamekatwa kutoka kwa yaliyokuzwa matangini, yakaja na karatasi zake. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa haikuwekwa mwaka 1986 ili ijaze sebule yangu.

Jaribu feni kwanza

Nitakuwa mwongo nikisema kila mtu anahitaji chila. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kushusha lita 300 kwa karibu nyuzi 2. Ndivyo mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Lakini mtungi na feni vyote vyataka hewa kavu, na hewa kavu hapa Mombasa hatunayo. Feni mbili ndogo juu ya tangi zilinishushia nyuzi moja na nusu, na kila siku nikawa najazia lita 6 za maji matamu ili chumvi isipande. Wakati wa kusi zilitosha. Kaskazi ilipoingia hazikufua dafu. Kama wewe uko Nairobi, funga feni, usisome zaidi.

Kupima ukubwa wa mashine

Usinunue chila kwa ukubwa ulioandikwa kwenye boksi. Maandishi ya boksi yamepimwa chumba kikiwa na ubaridi ambao huku huuoni. Pima tangi lako mwenyewe. Mchana wa joto, lishushe kwa chupa za barafu mpaka nyuzi 26, kisha toa chupa zote, washa taa na pampu zote kama kawaida, uangalie saa moja baadaye limepanda kiasi gani. Langu lilikuwa na lita 320 hivi ukijumlisha maji ya juu na ya tangi la chini, lile linalopokea maji yanayoteremka kutoka juu, nikitoa nafasi ya mawe. Lilipanda nyuzi 0.7. Zidisha lita kwa nyuzi kwa 1.15, unapata wati: 320 mara 0.7 mara 1.15 ni kama 258. Hilo ndilo joto linaloingia kila wakati, na ndilo chila itakalolitoa.

Kisha zidisha mara mbili, kwa sababu friji yoyote ikikaa penye joto nguvu yake hupungua, na hutaki kompresa ifanye kazi mchana kutwa bila kupumua. Nilihitaji basi mashine inayoondoa wati 500 na kitu. Nikachukua ya robo hospawa. Chunga hapa: kibandiko cha nyuma huwa na wati za stima inazokula na wati za joto inazotoa, na muuzaji wa haraka hukusomea ile iliyo kubwa. Yangu hula kama wati 350 ikiwa inanguruma, na siku za kaskazi hunguruma dakika 25 hivi kila saa. Tokeni utazinunua, nisikudanganye.

Itakaa wapi

Joto linalotolewa majini haliendi mbinguni, linatoka nyuma ya chila na kuingia chumbani. Nimeona mtu ameifungia ndani ya kabati chini ya tangi, mlango umefungwa vizuri ili isionekane. Mashine ikawa inapoza maji na kuchemsha kabati, kabati linachemsha maji, mzunguko usio na mwisho. Iache wazi, na ukuta uwe mbali nusu mita upande wa feni.

Yangu niliitoa nje kabisa, kwenye baraza ya nyuma, chini ya kivuli na mbali na mvua. Dirisha letu ni la vioo vya luva, kwa hiyo sikutoboa ukuta: nilichomoa kioo kimoja, nikakata kipande cha plastiki ngumu ukubwa uleule, nikatoboa matundu mawili ya mipira na moja la waya, nikakirudisha mahali pa kioo. Siku nikihama, naweka kioo changu.

Kimo nacho ni muhimu. Chila ikikaa juu ya usawa wa maji ya tangi la chini, stima ikipotea maji yote yaliyomo ndani yake hurudi chini, na stima ikirudi pampu huanza kusukuma hewa. Ikikaa usawa mmoja na tangi la chini au chini yake kidogo, hubaki imejaa. Lakini ikikaa chini, mpira ukichomoka maji yatajimwaga yenyewe hata pampu ikiwa imezimwa. Dawa yake nitaieleza.

Shaba

Hapa naomba usome polepole.

Nilipofunga mara ya kwanza sikufunga mwenyewe. Nilikuwa na arusi Malindi, nikamwita kijana mmoja fundi bomba, hodari kwelikweli, nikamwambia anifungie vizuri pasivuje. Hakuvujisha hata tone. Alitumia paipu za PPR, zile za kijani zinazochomwa kwa pasi, kama anavyofunga mabafu. Sasa kiungo cha PPR chenye nyuzi za kukazia huwa na kipande cha chuma ndani. Kinang'aa kama fedha, ukidhani ni stenlesi. Ni shaba iliyopakwa nikeli.

Niliporudi, konokono walikuwa wamelala juu ya mchanga migongo chini. Kesho yake kamba wawili wakafa. Samaki wako vilevile, wanakula, na hilo ndilo lililonipotosha, maana nilitafuta ugonjwa siku nne nzima. Shaba kidogo sana, isiyomdhuru samaki, humuua kamba, konokono na tumbawe. Nilipotia dawa ya kupimia shaba na maji yakabadilika rangi, nilikaa chini sakafuni.

Yule kijana nilimwita. "Ami, mimi nilidhani vizuri ni visivuje," akaniambia. "Ndivyo nilivyokwambia, mwanangu," nikamjibu, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Tulifungua vyote pamoja. Nilibadilisha nusu ya maji mara tatu ndani ya wiki mbili na kutia makaa ya kuchujia kila mara.

Kwa hiyo: kila kinachogusa maji kiwe plastiki. Paipu na viungo vya PVC, yunioni za PVC (vile viungo vya kufungua na kufunga bila kukata paipu), koki za plastiki za kuzungusha robo. Hadiwea watakupa koki yenye mkono wa plastiki na tumbo la chuma. Ifungue uichungulie ndani. Ukiwa na shaka na kitu kinachong'aa, kikwaruze kwa msumari mahali pasipoonekana. Ikitokea rangi ya manjano, kirudishe dukani. Klipu za kubania mpira hukaa nje ya maji, lakini chumvi itazifikia tu, na za kawaida huoza ndani ya miezi michache zikadondosha kutu. Tafuta za plastiki au za stenlesi nzuri.

Maji yatoke wapi, yarudi wapi

Tangi langu la chini lina vyumba vitatu: cha kwanza maji huteremka kutoka juu, cha pili kina skima, ile ya kutoa uchafu majini kwa povu, cha tatu kina pampu ya kurudisha maji juu. Watu wengi hutumbukiza pampu ya chila kwenye chumba cha tatu. Usifanye hivyo. Maji yanapokauka siku nzima, chumba cha tatu ndicho kinachopungua, na siku utakayosahau kujazia, pampu ya chila itavuta hewa. Chumba cha pili maji yake hukaa kimo kilekile siku zote, kwa sababu hufurika juu ya kioo. Weka pampu hapo, mwisho wa chumba, na mpira wa kurudi uumwage kwenye chumba cha kwanza, pale maji ya juu yanapoteremkia. Hivyo maji baridi huchanganyika na ya moto kabla hayajafika tena kwenye pampu. Ukivuta na kurudisha pamoja sehemu moja, chila itayapoza yaleyale, itadhani kazi imekwisha na kuzima, na juu bado kunachemka.

Pampu nimeipandisha juu ya kipande cha kigae, isikae sakafuni. Ikitokea mpira umechomoka kule barazani, itamwaga mpaka maji yafike usawa wa mdomo wake, kisha basi. Kwangu ni kama ndoo mbili. Ingekuwa sakafuni, ingemwaga chumba kizima. Mdomoni nimevalisha sponji, kwa kuwa konokono mdogo hupenda kwenda kukaa mahali ambapo utamjua baadaye.

Sasa ile dawa ya maji kujimwaga. Mpira wa kurudi usiuzamishe. Mdomo wake ukae juu ya maji kidogo. Kwenye paipu ya kwenda, inapotoka kwenye pampu, toboa tundu la milimita 3 chini kidogo tu ya uso wa maji. Pampu ikiwa inafanya kazi, tundu hilo hutoa kijimkondo kisichodhuru. Pampu ikizima na maji yakaanza kuvutwa, uso ukishuka hadi hapo hewa huingia na mvuto hukatika. Kuna wanaouza valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Ndani ya maji ya chumvi, yenye chokaa na viumbe vya kujibandika, mimi siiamini. Tundu halikwami, ilmradi ulipitishie kijiti cha meno kila ukisafisha.

Kufunga

Kutoka pampu hadi dirishani nilitumia PVC ngumu, na kutoka dirishani hadi chila mpira mweusi wa robo tatu ya inchi. Mweusi, si ule wa kuonea ndani, kwa sababu mpira wa kuonea ukipigwa na mwanga huota mwani mpaka unaziba. Kisha juu yake nikavalisha sponji ile nyeusi ya mabomba ya AC, ambayo kwangu haikosekani, ili jua la baraza lisirudishe joto njiani.

Kwenye kila tundu la chila, la kuingia na la kutoka, inakuja yunioni kisha koki. Mpango huu ukiufuata, siku ya kuosha unafunga koki mbili, unafungua yunioni mbili, unaibeba mashine na mipira inabaki na maji yake. Ukiupindua, koki ikawa upande wa chila, utapiga deki baraza nzima. Angalia mishale kwenye mashine kabla ya kuunga: kuingia na kutoka si mamoja.

Kata PVC kwa msumeno wa chuma, mdomo unyooke, ulainishe kwa msasa ndani na nje. Jaribu kuunga vyote vikavu kwanza na utie alama ya kalamu kwenye kila kiungo. Gundi paka pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo, ushikilie ukihesabu hadi thelathini, la sivyo paipu hujisukuma nje polepole ukiwa umegeuka. Subiri kesho yake ndipo utie maji. Pale penye nyuzi, tepu nyeupe mizunguko mitano au sita kufuata upande wa kukazia, kisha kaza kwa mkono na uongeze robo tu kwa spana. Plastiki ya chila ikipasuka nyuzi, haina dawa. Ringi za mpira za yunioni zipake grisi ya silikoni, siyo ya gari.

Kisha pima mwendo wa maji. Kitabu cha mashine yangu kinataka kati ya lita 1,000 na 2,500 kwa saa. Peleka mpira wa kurudi kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu: ndoo yangu ilijaa kwa sekunde 45, ambayo ni lita 1,600 kwa saa. Ya kutosha. Yakizidi, punguza kwa koki iliyo baada ya pampu. Kamwe usibane upande pampu inakovuta.

Nilijaribu siku nzima kwa maji matamu kutoka beseni, nikafuta kila kiungo kwa karatasi ya chooni ili nione unyevu, ndipo nikaunga tangi.

Stima

Waya wa chila na wa pampu uache uning'inie chini kuliko soketi kabla haujapanda, ili tone la maji liteleze lidondoke sakafuni lisiingie kwenye plagi. Chila iwe kwenye frijigadi, kama friji nyingine yoyote. Voltij yetu hupanda na kushuka, na kompresa ikiwashwa mara tu baada ya kuzimwa, gesi ikiwa bado na mgandamizo, huweza kuungua. Frijigadi huisubirisha dakika kadhaa. Pampu isiwe kwenye frijigadi hiyo. Yenyewe ianze mara moja, maji yawe yanapita kabla kompresa haijaamka.

Na hili hakuna aliyeniambia. Kipimo cha joto cha chila nyingi kiko ndani ya mashine, si ndani ya tangi. Pampu ikifa, maji yaliyosimama ndani ya chila hupoa haraka, mashine huzima, na namba nyekundu pale mbele inaandika 26.0 kwa utulivu kabisa. Sebuleni tangi liko 30. Mimi ilinitokea Jumapili moja, sponji imeziba. Nunua themomita nyingine ya shilingi chache uitie tangini, na uamini hiyo.

Chila mpya ikifika, au ikihamishwa kwa pikipiki imelazwa ubavu, isimamishe wima usiku mzima kabla ya kuiwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa. Usiiwashe na kuidai 26 siku moja kama tangi liko 30: weka 29, kesho 28, mpaka ufike. Tofauti ya kuwaka na kuzima niliiweka nyuzi 1. Ukiiweka ndogo zaidi, kompresa huwaka na kuzima kama mtoto mwenye kwikwi.

Kila mwezi napiga mswaki mapezi ya kondensa, zile bati nyembamba za upande wa feni zinazotoa joto. Hewa yetu ya chumvi huyala, na vumbi huziba kilichobaki. Kila miezi sita nafunga koki, nafungua yunioni, naunga pampu ndogo kwenye ndoo ya siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, naizungusha ndani ya chila saa moja, chila yenyewe ikiwa imechomolewa stimani. Siki hutoka na mchanga mweupe wa chokaa. Suuza kwa maji matamu ndoo mbili, rudisha yunioni, fungua koki ya kutoka kwanza, ndipo ya kuingia, uisikilize hewa ikitoka kwa mikoromo mpaka inyamaze.